Simu Ililia Mara Tatu

Siku mbili kabla ya Sikukuu, bandari ya Malindi, mjini Unguja, haina pa kutia mguu. Kila Mpemba aliyeko Unguja anataka kula Sikukuu kwao, na kila mmoja anataka boti ya asubuhi. Mwaka 2022, katika msongamano kama huo, nilikuwa nimekaa nyuma ya karani katika ofisi ndogo ya wakala wa tiketi, kompyuta yangu magotini, nikiiangalia programu niliyoiandika mwenyewe ikifanya kazi mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Dirishani alisimama bibi mmoja, kikapu cha ukili mkononi, mjukuu wake ubavuni. Mjukuu alikuja kumsindikiza tu. Bibi anakwenda Mkoani, Pemba.

"Shikamoo bibi," karani alisema.

"Marahaba mwanangu. Mtu mmoja, mie."

Karani akaandika jina, akabonyeza. Kiduara kikazunguka kwenye skrini, kikazunguka, mpaka yakatokea maneno: Imeshindikana, jaribu tena. Akajaribu tena. Kiduara, halafu maneno yale yale. Mara ya tatu tiketi ikatoka kwenye mashine na karani akaniangalia kwa furaha. Hapo hapo simu ya bibi, iliyofungwa kwenye pindo la kanga, ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Mjukuu akaifungua akasoma: ujumbe tatu kutoka kwa wenye boti, tiketi tatu, viti vitatu, jina moja.

"Mwanangu," bibi akaniuliza mimi, maana karani alikuwa ameshanigeukia, "mie nasafiri peke yangu. Hawa wawili ni akina nani?"

Neno "Imeshindikana" niliandika mimi. Nililiandika usiku mmoja bila kufikiri, kama ambavyo kila mtu huliandika, na lilikuwa si kweli. Hakuna kilichoshindikana. Tiketi ya kwanza ilikatwa vizuri kabisa, ya pili vilevile, na kila moja ikalipiwa kutoka kwenye amana ya wakala. Kilichotokea ni kwamba jibu halikunifikia, na mimi nikaugeuza ukimya kuwa jibu la hapana. Wakala alipiga simu kwa wenye boti kuzifuta zile mbili, lakini kwa pilikapilika ya siku ile hazikufutwa hadi kesho yake. Boti ikaondoka na viti viwili vitupu huku gatini watu wamebaki na mizigo yao. Hilo la viti vitupu liliniuma kuliko fedha.

Sisi Wapemba tunajua kutuma vitu. Ukimpa mtu wa boti kifurushi akifikishe Wete, jioni ukapiga simu na ndugu yako hapokei, hujui kama kifurushi kimefika au la. Pengine kimefika na simu yake imezima chaji. Pengine bado kiko Mkoani. Hakuna anayefungasha kifurushi cha pili papo hapo na kukituma. Utapiga tena, utampigia jirani, utamuuliza aliyekibeba. Jambo hili analijua kila mtu mtaani kwetu, na programu yangu haikulijua, kwa sababu sikuifundisha.

Nieleze jinsi mitambo ilivyokuwa imeungana, maana kosa lilikaa kwenye maungio. Wenye boti walikuwa na mfumo wa zamani unaozungumza SOAP, njia ya mitambo kutumiana ujumbe ndani ya bahasha. Mahoteli ya Nungwi na Paje, pamoja na ofisi za mawakala mjini, yalitaka kitu chepesi, yaani REST, njia nyengine ya mitambo kuzungumza, yenye JSON, maandishi mafupi ya kubebea data. Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati kama mkalimani: napokea ombi la REST upande huu, naligeuza kuwa bahasha ya SOAP, naipeleka, nasubiri jibu, nalirudisha. Seva ya wenye boti ilikuwa imekodiwa Ulaya. Programu yangu ilikuwa inasubiri sekunde 30, kisha inakata tamaa. Siku ya msongamano wao walikuwa wanachukua sekunde 40 na zaidi. Sekunde kumi tu, na ndani yake tiketi mbili zisizo na wenyewe.

Wengi wa rika langu wanaidharau SOAP. Mimi pia nilianza hivyo, na nimeacha. Waraka wa SOAP 1.1 uliwekwa W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi wa Mei 2000, na mwaka huohuo Roy Fielding alimaliza tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, alimoieleza REST. Kwa hiyo kusema moja ni ya wazee na nyengine ya vijana si sawa. Ni watu wa umri mmoja waliolelewa nyumba tofauti. SOAP hutia kila kitu ndani ya bahasha ya XML, maandishi ambayo kila kipande kina lebo yake, yenye kichwa na kiwiliwili, na kwa kawaida bahasha zote huenda kwenye anwani moja. REST hukipa kila kitu anwani yake, tiketi yake, abiria wake, safari yake, na vitendo vinabaki vile vya HTTP, lugha ya wavuti, vyenyewe: GET kusoma, POST kuunda, PUT kuweka, DELETE kufuta. SOAP inakuja na WSDL, hati inayotaja kila kitendo, kila uga, yaani nafasi ya kujaza, na aina yake. Ni mkataba. Na mkataba, ukiusoma, unakusaidia.

Nilikuwa sijausoma. Nilifanya kama wanavyofanya wengi: niliipa programu WSDL, ikanizalishia msimbo, nikatumia vitendo viwili nilivyovihitaji. Baada ya Sikukuu ile niliichapisha kwenye karatasi, nikakaa nayo barazani siku tatu, kahawa pembeni, kalamu mkononi. Humo nikakuta mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. Ombi la kukata tiketi lilikuwa na uga wa kumbukumbu ya wakala, umeandikwa minOccurs sifuri, maana yake si lazima kuujaza, na sisi tulikuwa tunauacha mtupu. Na kulikuwa na kitendo kizima cha kutafuta tiketi kwa kutumia kumbukumbu hiyo. Yaani mlango wa kuuliza "je, kifurushi kimefika?" ulikuwepo siku zote, na mimi napita nje nikitupa mizigo juu ya ukuta.

Matengenezo yenyewe yalichukua wiki mbili, na sehemu iliyonipa shida si ile niliyoitegemea. Wazo ni jepesi: kila ombi la kukata tiketi libebe namba yake ya pekee. Ombi likija mara ya pili na namba ileile, seva isikate tiketi nyengine. Irudishe jibu la kwanza. GET, PUT na DELETE zimekusudiwa hivyo kwa asili, ukizirudia mara kumi hali ya mwisho ni ileile. POST sivyo, na kukata tiketi ni POST.

Nikaandika, nikajaribu, na tiketi bado zikakatwa mbili. Nilikaa nalo siku nzima. Namba ilikuwa inatengenezwa pale karani anapobonyeza kitufe. Akibonyeza mara tatu, zinazaliwa namba tatu, na seva inaona wageni watatu tofauti. Namba inatakiwa izaliwe fomu inapofunguliwa, kabla ya kitufe, ili mibonyezo yote ya fomu ile ibebe namba moja. Ni mstari mmoja wa programu kuhamishwa kutoka hapa kwenda pale. Nimewaona watu wakubwa kuliko mimi, wenye mifumo mikubwa, wakiwa na kosa hilihili na hawajui, kwa sababu kwenye majaribio ya ofisini hakuna anayebonyeza mara tatu.

Baada ya hapo namba inaandikwa kwenye hifadhidata kabla ya bahasha kutoka, kwenye safu isiyokubali kurudiwa, ili maombi mawili yakifika kwa pamoja moja ligonge ukuta. Namba ileile inajazwa kwenye ule uga wa kumbukumbu ya wakala. Na hali za tiketi zikawa tatu badala ya mbili: imekatwa, imekataliwa, haijulikani. Hii ya tatu ndiyo niliyoikosa. Ikiwa haijulikani, programu haikati tena, inauliza. Inauliza baada ya sekunde 10, kisha 30, kisha dakika moja. Na hata ikiambiwa tiketi haipo, haiharakishi, kwa sababu ombi la kwanza linaweza kuwa bado lipo jikoni upande wa pili, likaiva wakati wewe umeshatuma jengine. Tuliwauliza wenye boti ombi lao linaweza kuishi muda gani mwisho kabisa. Wakasema dakika mbili. Basi tunasubiri dakika mbili zipite ndipo tunakata upya.

Maneno ya skrini niliyabadilisha mwenyewe kwa mkono: "Tunauliza kama tiketi imeshakatwa. Usikate nyengine." Karani mmoja aliniambia ni marefu. Nikamwomba tuyaache.

Saa nazo zilinifundisha. Hoteli moja ilitutumia safari ya saa 1:00. Aliyeijaza ni mtu wa kwetu, na kwake saa moja ni asubuhi, boti inapoondoka. Kwa mtambo, 1:00 ni usiku wa manane uliopita. Abiria wanne walionekana wamekata tiketi za boti isiyokuwepo. Tangu siku hiyo huduma yetu haipokei saa iliyo uchi. Lazima iwe na tarehe, saa ya mtambo, na tofauti yake na saa ya dunia, kama 2022-07-08T07:00:00+03:00. Kwenye skrini ya karani tunaonyesha saa ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo saa yake. Lakini kinachosafiri kati ya mitambo ni kimoja, na hakina mjadala.

La pili la saa lilinila siku mbili. Asubuhi moja kila bahasha ya SOAP ilianza kurudi na kosa: utambulisho umekataliwa. Nikadhani nenosiri limebadilishwa. Nikawapigia simu, wakasema halijaguswa. Nikaomba jipya, nikaliweka, likakataliwa nalo. Tulikuwa tunatumia WS-Security, ule usalama unaokaa kwenye kichwa cha bahasha, kwa njia ambayo nenosiri halisafiri lenyewe: namba ya matumizi ya mara moja, wakati bahasha ilipotengenezwa, na nenosiri, vyote vinasagwa kwa pamoja kwa SHA-1, kanuni ya kusaga maandishi yasiweze kurudishwa, na kinachotumwa badala ya nenosiri ni unga wake. Upande wa pili unasaga vivyo hivyo na kulinganisha. Ila unaangalia pia ule wakati. Bahasha iliyotengenezwa zaidi ya dakika tano nyuma inatupwa, ili mwizi aliyeinasa jana asiitumie leo. Siku ya pili jioni, nimechoka, nilizisoma bahasha zenyewe zilivyotoka, herufi kwa herufi, na nikautazama ule wakati, kisha nikatazama simu yangu. Seva yetu ilikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika tano. Fundi alibadilisha ruta wiki kadhaa nyuma na kuufunga mlango wa mtandao namba 123 (UDP), ambao seva hupitia kuuliza saa sahihi. Saa ikawa inateleza kidogo kidogo, hadi ikavuka mpaka. Kosa lilisema nenosiri, na tatizo lilikuwa saa.

Kwa hiyo siku hizi, chochote kikiharibika, kabla ya kukisia natoa ombi lenyewe kwa curl, programu ndogo ya kutuma maombi kwa mkono, kutoka kwenye seva ileile inayolalamika, si kutoka kwenye kompyuta yangu yenye mtandao wake na saa yake. Nasoma kilichotoka na kilichorudi. Jibu huja na namba yake: 401 maana yake hawajakutambua. 403 wamekutambua na wamekukatalia. 502 kuna mlinzi mlangoni aliyepata jibu bovu kutoka ndani. 504 mlinzi huyohuyo amengoja na hakuletewa. Na 415 kwenye SOAP karibu kila mara ni kwamba umepeleka bahasha ya 1.1, inayosafiri kama text/xml, kwa anayetaka 1.2, inayosafiri kama application/soap+xml, au kinyume chake. Ukijua hilo unaokoa mchana mzima.

Jengine lilitoka nyumbani hasa. Ukivuka Darajani kutoka Mji Mkongwe unaingia Ng'ambo. Karani aliandika makazi ya abiria: Ng'ambo. Mfumo ukafa. Akaandika tena, ukafa tena. Ile alama ndogo kati ya g na a, ambayo bila hiyo Kiswahili hakisemeki, kwenye SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ndiyo inayofunga maneno. Programu ilikuwa inaunga maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali la hifadhidata. Nilipoona Ng'ambo inauangusha mfumo nilishikwa na baridi, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya akijua alama hiyo inapita, ataandika baada yake chochote anachotaka, na hifadhidata itamtii. Tulikaa usiku mbili tukibadilisha kila swali liwe na nafasi maalumu za kujazwa, ili maneno ya mtu yabaki maneno na yasigeuke amri. Nashukuru kwamba kosa hili liliibuliwa na jina la mtaa.

XML nayo ina herufi zake. Hoteli nyingi hupenda ile alama ya "&" katika majina yao, na ndani ya XML alama hiyo ni mwanzo wa kitu kingine. Tulikuwa tunazijenga bahasha kwa kuunganisha vipande vya maandishi, na bahasha yenye jina la hoteli kama hiyo ilikuwa inarudishwa kama karatasi iliyochanika. Usijenge XML kwa kuunga maneno. Tumia maktaba ya programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na upande wa kupokea, izimie uwezo wa kufungua vitu vya nje vilivyotajwa ndani ya XML, maana mtu anaweza kuiagiza seva yako isome faili zake za siri na kumletea.

Usalama ulionikosesha usingizi zaidi, hata hivyo, haukuhitaji ujuzi wowote kuuvunja. Tiketi zetu zilikuwa na anwani inayoishia na namba mfululizo. Siku moja nikiwa nimeingia kama hoteli fulani, nikabadilisha tarakimu ya mwisho. Ikaja tiketi ya mtu mwengine, jina lake, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho chake. Mlango ulikuwa na TLS, inayoficha mawasiliano njiani, tokeni, yaani ufunguo wa muda wa kuingilia, ilikuwa halali, muda wake haujaisha, kila kitu nilichojifunza kukiita usalama kilikuwepo. Programu iliuliza "wewe ni nani?" na haikuuliza "hii ni ya kwako?". OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, katika orodha yao ya hatari kumi za API, yaani milango ambayo programu huzungumzia na programu, waliiweka hii nambari moja mwaka 2019, na 2023 ikabaki palepale. Mji wetu ni mdogo. Mtu akijua nani anasafiri kesho na boti gani, amejua nyumba ipi itakuwa tupu, na mke wa nani ameondoka. Sasa kila ombi linapimwa kwa mwenye tiketi, ndani ya swali la hifadhidata lenyewe, na namba za tiketi kwenye anwani hazifuatani tena. Magogo ya seva, yaani daftari lake la kila kilichopita, nayo tuliyasafisha: bahasha zinatunzwa ili tuweze kuzisoma, lakini nenosiri, tokeni na kitambulisho vinafichwa kabla ya kuandikwa.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu chini ya bahari, na intaneti ya Tanzania, kama ya majirani zetu, ikawa ya kuvuta kwa kamba. Jumatatu asubuhi nilikwenda Malindi mapema. Seva ya wenye boti ilikuwa bado Ulaya, ng'ambo ya nyaya zilizokatika. Dirishani alikuwepo karani yuleyule, na mbele yake kijana mwenye godoro la kukunja na ndoo mbili, anakwenda Wete, boti yake i karibu kuondoka.

Karani akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikapotea, yakaja yale maneno marefu.

"Dada, bonyeza tena basi, naachwa," kijana alisema.

"Ngoja kaka. Inauliza."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikiliangalia gogo la seva kwenye simu yangu. Ombi moja. Swali la kwanza, hakuna jibu. Sekunde 30, swali la pili, hakuna jibu. Watu wa nyuma wakaanza kusukumana. Kijana akaweka ndoo chini, akaziokota tena. Swali la tatu likaenda, na jibu likarudi na namba ya tiketi, ya wakati uleule karani alipobonyeza. Mashine ikachapa karatasi moja. Simu ya kijana ikalia mfukoni, mara moja, ikanyamaza. Mimi na karani tulibaki kimya tukiisikiliza kama italia tena, mpaka kijana alipojitwisha godoro lake akakimbilia getini, ndoo zikimgonga mapajani.